Kundi la Mashabiki Limepoa: Mwongozo kwa Anayetaka Kubaki

Mwongozo huu ni wa shabiki wa timu ya mkoani. Shabiki wa Simba au Yanga akiona kundi lake la WhatsApp limepoa, anahamia jingine jioni hiyohiyo. Yako mengi, na habari za timu yake zitamfuata redioni, kwenye magazeti na ndani ya daladala hata asipozitafuta. Shabiki wa Coastal Union ya Tanga, wa Majimaji ya Songea au wa Kagera Sugar hana pa kuhamia. Beki fulani kaumia goti lipi, yule kinda wa kikosi cha pili anatokea mtaa gani, nani alipiga ile kona iliyozaa bao: mambo hayo yanajulikana na watu wachache, na mara nyingi watu hao wamo kwenye kundi moja tu. Kundi likifa, ujuzi wao unabaki vipande vipande kwenye simu za watu wasiozungumza tena.

Nitatumia Coastal Union kama mfano kwa sababu ndiyo timu yangu, na kwa sababu Wagosi wa Kaya, kama timu hii inavyoitwa, wamepitia karibu kila kitu kinachoweza kulipoza kundi la mashabiki. Klabu ilianzishwa 1948, ikatwaa ubingwa wa Tanzania 1988, na haijautwaa tena. Msimu wa 2015/16 ilishuka daraja pamoja na African Sports na Mgambo JKT, yaani timu zote tatu za Tanga zilizokuwa Ligi Kuu ziliondoka kwa mkupuo. Ikarudi msimu wa 2018/19. Julai 2022 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam jijini Arusha, ikatoka 3-3 na Yanga, ikapoteza kwa penalti. Msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne, ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na huko ikatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Aliyekaa na kundi la mashabiki kipindi chote hicho ameona watu wakimiminika, wakinyamaza, wakijitoa, na baadhi wakirudi.

Hatua ya kwanza: tafuta kilicholipoza

Usianze kwa kuandika "jamani kundi limekufa." Sentensi hiyo huwaondoa hata waliokuwa hawajafikiria kuondoka. Anza kwa kusoma. Pandisha mazungumzo hadi kipindi ambacho kundi lilikuwa limechangamka, kisha shuka polepole ukiangalia ni nani aliyekuwa akiandika na ni lini aliacha.

Ukimya wa miezi ambayo ligi imesimama usikutishe. Ukimya wa siku mbili baada ya kipigo nao ni wa kawaida, watu wanauguza. Cha kutia wasiwasi ni mtu aliyekuwa akiandika kila mechi na ghafla akaacha. Liandike jina lake kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya kundi, usome ujumbe wake wa mwisho na majibu aliyopewa. Mara nyingi sababu utaikuta hapohapo. Aliuliza kuhusu mchango wa jezi, hakuna aliyemjibu. Alieleza kwa urefu alichokiona uwanjani, maelezo yakafunikwa na mikeka ya kubeti. Alikosea jina la mchezaji, akachekwa na watu wanne.

Idadi ya wanachama haikuambii mengi. Kwa miaka mingi WhatsApp iliruhusu watu 256 kwa kundi, na mwaka 2022 ikapandisha kikomo hadi 512, kisha 1,024. Makundi mengi yakafungua milango na kujaza namba, na wengi wa walioingia hawakuandika hata salamu. Kipimo bora ni hiki: tuma ujumbe wa kawaida kuhusu timu, subiri siku moja, kisha ushikilie ujumbe wako na ufungue taarifa zake. Utaona majina ya waliousoma. Hao ndio kundi lako halisi. Mtakuta kuna mtu yuko Muscat au Mombasa, hajawahi kuandika neno, lakini hapitwi na kitu. Msomaji kimya ni mwanachama kamili, na wanaolalamika kwamba "wengine wapo wapo tu" wanapaswa kuambiwa hivyo kwa upole.

Hatua ya pili: wafuate watu mmoja mmoja

Tangazo la kuwaita watu warudi haliwagusi wale unaowataka, kwa sababu wamezima sauti ya kundi. Waandikie faraghani, na usiwaombe warudi. Waulize swali ambalo wao tu wanaweza kulijibu.

Kwa mtu mzima, kwa mfano: "Shikamoo Mzee wangu. Ni mimi wa kundi la Coastal. Kuna kijana ameuliza uwanja wetu wa Mkwakwani ulivyokuwa siku tulipochukua ubingwa, na sisi wengine tulikuwa watoto. Naomba utusimulie hata kidogo, kwa sauti tu, nitamfikishia." Kwa rika lako: "Kaka, yule winga mliyecheza naye mtaani kasajiliwa kweli au ni maneno ya watu?" Kwa dada aliyekuwa akipanga safari za mechi za ugenini: "Dada, lile basi la kwenda Dar mlikodi kwa utaratibu gani? Tunataka kujaribu tena."

Mtu akijibu na kushukuriwa kwa jina mbele ya kundi, hurudi mwenyewe. Akikataa, mwache na heshima yake. Huenda ana msiba, huenda kazi imembana, huenda amechoka na soka. Mtakie heri, muulize kama anaruhusu umtafute tena msimu ukianza, basi.

Hatua ya tatu: wekeni utawala usiomtegemea mtu mmoja

Kundi lenye admini mmoja liko hatarini hata kama admini huyo ni mtu mwema sana. Akiugua, akiibiwa simu, au laini yake ikikaa muda mrefu bila kutumika hadi ikafungwa na namba kupewa mtu mwingine, hakuna awezaye kumwondoa tapeli wala kumwingiza mgeni. Mwombe, faraghani na kwa adabu, aongeze wawili au watatu. Mmoja awe Tanga mjini, anayeweza kufika uwanjani. Mwingine awe mbali, ambaye saa zake za kuwa macho ni tofauti. Wasiwe ndugu wa nyumba moja wala marafiki wa kijiwe kimoja, maana ugomvi mmoja utawaondoa wote pamoja.

Kisha kamilisheni mambo madogo ya usalama kwa siku moja. Badilisheni kiungo cha kuingilia kama kimesambaa ovyo. Washeni kipengele cha admini kumkubali anayeomba kuingia. Kila admini aweke namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake, na wanachama wote waambiwe kwamba ile namba ya tarakimu sita inayoletwa kwa ujumbe mfupi haombwi na mtu yeyote mwema. Akaunti ya mwanachama ikishatekwa, ombi la "niazime elfu hamsini, nitakurudishia jioni" huja kwa jina lake na picha yake, na wazee ndio wanaoumia zaidi.

Hatua ya nne: rudisheni siku ya mechi

Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Kundi la mashabiki huishi kwa mechi, na mtu aliyeikosa mechi huja kundini akiwa na swali moja: ngapi ngapi? Akikuta jibu, na akakuta na maelezo, atarudi wiki ijayo.

Utaniambia mechi nyingi za Ligi Kuu zinaonyeshwa na Azam TV, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6. Ni kweli. Lakini shabiki aliyeko kazini hana kisimbuzi mfukoni, aliyeko shambani Muheza huenda ana bando la kusoma maandishi tu, na aliyeko Ulaya au Ghuba anahangaika kutafuta pa kutazamia. Na timu ikishuka daraja kamera nyingi huiacha. Katika ile misimu miwili Coastal iliyocheza chini ya Ligi Kuu, kati ya 2016 na 2018, mtu aliyesimama Mkwakwani na simu yake ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu.

Mteueni mtu mmoja kwa kila mechi, na msaidizi wake endapo chaji itaisha. Mechi ya ugenini mpeni shabiki anayeishi mji ule. Hata mechi ya nyumbani huweza kuhamishiwa mji mwingine, kwa hiyo orodha ya wanachama walioko Arusha, Dar, Dodoma na Mwanza ni mali ya kundi. Saa moja kabla ya mechi aandike kikosi. Baada ya hapo aandike kwa mtindo mmoja usiobadilika, mfupi, unaosomeka hata na aliyefungua simu kwa sekunde tano:

DK 31. COASTAL 1-0 WAGENI. Kona ya kushoto, kichwa cha namba 5.

DK 58. Bado 1-0. Namba 8 ametoka anachechemea, ameingia namba 17.

DK 74. 1-1. Shuti la mbali, kipa hana lawama.

Muda na matokeo viandikwe kila mara, hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu anayefungua simu dakika ya 60 hatapandisha juu kutafuta. Video ndefu zisubiri mechi iishe. Matusi kwa mwamuzi yasiandikwe na mtangazaji kabisa. Wengine watapumua wenyewe. Na asiseme mchezaji "ameuza mechi." Neno hilo hutoka kwa hasira na husambaa likiwa na jina la mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uchapishaji wa habari za uongo kupitia kompyuta na simu, na hata pasingekuwa na sheria, mchezaji huyo ana mama Tanga hapahapa.

Ikifika dakika ya 90, aandike ujumbe mmoja wa mwisho wenye matokeo, wafungaji, dakika zao, waliopewa kadi, na sentensi mbili za maoni yake. Mtu mwingine aunakili ujumbe huo na kuuhifadhi pembeni. Mkifanya hivyo msimu mzima, mtakuwa na kumbukumbu ya mechi zote za timu yenu iliyoandikwa na watu waliokuwepo, kitu ambacho klabu nyingi za mikoani hazina.

Hatua ya tano: ondoeni mikeka

Nasema hili bila kuzungukazunguka: matangazo ya kubeti yameua makundi mengi ya mashabiki kuliko vipigo. Anayetuma "mkeka wa uhakika leo" hajali Coastal inacheza na nani, na kila anapotuma, ujumbe wa mtu mwenye neno la maana unasukumwa juu. Wekeni kanuni chache, tatu au nne, mzibandike juu ya kundi. Ujumbe uliobandikwa WhatsApp hukaa hadi siku 30, kisha mnaubandika tena. Mvunja kanuni aonywe faraghani mara ya kwanza, aondolewe mara ya pili, na sababu itajwe kwa ufupi ili pasiwe na minong'ono. Matangazo ya biashara za wanachama wenyewe, anayeuza samaki au anayeshona jezi, yapeni siku moja kwa wiki. Hao ni wenu, na kuwaungisha ni sehemu ya kuwa pamoja.

Hatua ya sita: ishini na mioyo yenye timu mbili

Hapa ndipo makundi ya timu za mikoani hupasukia, na watu wanaogopa kulisema. Wengi wetu tumelelewa na timu ya nyumbani pamoja na mojawapo ya zile mbili za Kariakoo. Mwaka mzima haisumbui. Inasumbua siku Coastal inapokutana na Simba au Yanga, na ilisumbua sana ile Julai 2022. Abdul Suleiman, maarufu Sopu, aliifungia Coastal mabao yote matatu katika fainali ile. Mtu anayetamani kombe liende Jangwani, kwa Yanga, angefanya nini kundini jioni hiyo?

Wapo wanaotaka watu wa namna hiyo wafukuzwe, waitwe wasaliti. Mimi napinga. Mkiwafukuza wote wenye timu ya pili mtabaki watu wachache sana, na baadhi ya watakaobaki watakuwa wameficha tu. Kanuni inayofanya kazi ni ya mahali: ndani ya kundi hili tunazungumza kama watu wa Coastal. Anayeshindwa siku ya mechi hiyo anyamaze hadi kesho yake, na kesho hakuna wa kumuuliza alishangilia nani. Utani uwepo. Utani wa jadi ni sehemu ya soka letu na kundi lisilotaniana limenuna. Lakini utani uishie kwenye timu. Usifike kwenye kabila, dini wala maumbile ya mtu.

Msiwadharau pia walioingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2018 mwanamuziki Alikiba alisajiliwa na Coastal, na wako vijana walioanza kuifuatilia timu kwa ajili yake. Wengine wamekuja kwa sababu mchezaji fulani ni jirani yao. Wazee wakianza kuwapima kwa maswali ya 1988, vijana wataondoka, na wao ndio watakaokuwa na simu zenye chaji miaka ishirini ijayo. Mgeni akiingia, aulizwe jambo moja la ukarimu: ilikuwaje ukawa wa Coastal? Jibu lake huwapa wengine cha kuzungumza jioni nzima.

Wachezaji wakiuzwa, endeleeni kuwafuatilia. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga 2020, Sopu akaenda Azam baada ya fainali ile, na Juma Mgunda, aliyeichezea na kuifundisha Coastal, alichukuliwa na Simba mwaka 2022. Kundi linaloweza kusema "huyu alianzia kwetu, na tunayo ripoti ya mechi yake ya kwanza" lina la kusema hata wiki ambayo timu yenyewe haichezi.

Hatua ya saba: fedha ziwe wazi kama matokeo ya mechi

Michango ni mizuri. Basi la mechi ya ugenini, ngoma ya jukwaani, rambirambi kwa mwanachama aliyefiwa: mambo haya huwaunganisha watu kuliko maneno. Lakini ni shilingi zisizoelezwa ndizo zinazowanyamazisha watu waungwana, kwa sababu mtu muungwana hataki kuuliza mara mbili.

Mhazina asiwe admini. Fedha zisikae kwenye laini binafsi ya mtu kama kuna njia nyingine. Zipo huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, na benki nyingi zina akaunti za vikundi. Kila mchango uwe na lengo moja na tarehe ya mwisho. Ile orodha ya majina tunayoinakili na kuibandika kila mtu akijiongeza ina kasoro inayojulikana: wawili wakibandika kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na aliyetoa anaonekana hajatoa. Orodha ihaririwe na mhazina peke yake, aitume kila jioni. Baada ya matumizi, risiti zipigwe picha na kutumwa kundini siku hiyohiyo. Asiye na kitu asitajwe. Na msichangishe kwa jina la klabu bila klabu kujua na kukubali kwa maandishi.

Hatua ya nane: okoeni kumbukumbu wakati ligi imesimama

Miezi isiyo na mechi ndiyo miezi ya kazi hii, na kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Fikiria ubingwa wa 1988. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati ule. ITV ilianza 1994. Mabao ya msimu ule yalisikika kwa Radio Tanzania na yakaonwa na waliokuwa uwanjani. Kilichobaki ni picha za karatasi kwenye maalbamu, vipande vya magazeti kama Uhuru na Mfanyakazi, na vichwa vya watu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa anakaribia 60. Mtandao unakupa jina la bingwa wa mwaka huo kwenye mstari mmoja. Majedwali ya RSSSF, kundi la wapenzi wa takwimu za soka lililoanza 1994 na linaloendeshwa kwa kujitolea, yanao mstari huo. Mengine yote yako kwenye mitaa ya Tanga, Ngamiani, Chumbageni, Makorora na Mikanjuni, sebuleni kwa watu.

Anzeni na picha. Mwenye picha aipige mchana kando ya dirisha, bila mwanga wa simu, ikiwa imelala sawasawa, na apige upande wa nyuma pia kama una maandishi. Aitume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha na nyuso za nyuma hupotea. Kisha kundi lifanye kazi yake: wa tatu kutoka kushoto ni nani? Majibu yatakuja kwa wiki nzima, na hapo ndipo wasomaji kimya hufungua midomo. Jina lililothibitishwa na watu wawili wasiojuana liandikwe. Watu wakitofautiana, andikeni majibu yote mawili na nani kasema lipi.

Kwa wazee, ujumbe wa sauti ni bora kuliko maandishi. Usimwambie mzee "tusimulie historia ya klabu," maana hajui aanzie wapi. Muulize alikaa upande gani wa uwanja, aliingia kwa kiingilio au kwa ukuta, nani alikuwa golini, watu walirudi nyumbani kwa njia gani usiku ule. Msikilizaji mmoja ayaandike maneno hayo kama yalivyosemwa. Mwombe ruhusa kabla ya kuyasambaza nje ya kundi, na namba za simu za wanachama zisitoke nje kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria ni adabu.

Halafu hifadhini mahali pawili au zaidi. Mali iliyo kwenye mtandao wa kampuni huondoka siku kampuni inapoamua. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Desemba mwaka huohuo Yahoo Groups ilianza kufuta vitu ambavyo watu walikuwa wameweka kwa karibu miaka ishirini, na waliochelewa kupakua walikosa. Kwenye WhatsApp, picha za zamani ziko kwenye simu zenu zaidi kuliko mahali pengine, na simu huibwa. Kila mwisho wa msimu, admini mmoja ahamishe mazungumzo kwenda faili la maandishi kwa kutumia kipengele kilichomo ndani ya WhatsApp. Kina kikomo cha idadi ya ujumbe, kwa hiyo msingoje miaka mitano. Faili, picha na sauti viwekwe Google Drive ya kundi, ambako gigabaiti 15 ni bure, kwa anwani ambayo nywila yake wanaijua admini wawili. Nakala nyingine iwe kwenye flashi au kompyuta ya mtu mwingine, mji mwingine. Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mechi, kisha mtu: 1988-mkwakwani-kikosi. "IMG_20230714" haitamsaidia mtu.

Mkishakuwa na vipande vya magazeti vyenye tarehe, ongezeni habari za klabu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Inahitaji vyanzo vilivyochapishwa, na tarehe za magazeti ndizo zitakazowafaa. Simulizi za wazee hazikubaliki kule, lakini zina mahali pake kwenye hifadhi yenu.

Hatua ya tisa: pumzika bila kujitoa

Anayebeba kundi lililopoa huchoka, na uchovu huja na chuki kidogo kwa wasiosaidia. Ukiona unaanza kuhesabu nani hajakushukuru, zima sauti ya kundi kwa mwezi, mwachie mwenzako siku ya mechi, uende uwanjani ukakae na watu. Usitangaze kwamba unaondoka ili ubembelezwe. Sema tu: "Mechi mbili zijazo atatangaza fulani." Klabu yenyewe siku hizi huweza kuwa na chaneli ya WhatsApp, kitu kilichokuja 2023, ambako inatoa taarifa na mashabiki wanasoma bila kujibu. Itumieni kwa habari rasmi za usajili na viingilio, na muda mliokuwa mkitumia kufukuzia tetesi muupeleke kwenye ripoti za mechi na picha za wazee.

Ukikabidhi uadmini, mpe anayekuja vitu kwa orodha: nywila ya hifadhi, majina ya watangazaji wa kila mji, salio la fedha na risiti zake, majina ya wazee na saa wanazopenda kupigiwa. Kaa naye msimu mmoja.

Ikibidi kulifunga

Wakati mwingine makundi mawili yaliyodhoofika yanafaa kuungana, au waliobaki hawawezi tena. Toeni taarifa ya mwezi mzima. Hamisheni mazungumzo, kagueni kwamba hifadhi inafunguka kwa watu wawili tofauti, tumeni kiungo cha kundi mnalohamia, rudisheni au elezeni kila shilingi iliyobaki. Kisha badilisheni mpangilio ili admini tu waweze kuandika, na mliache hapo. Msiwatoe watu mmoja mmoja. Kundi lisiloandikwa tena bado linasomeka na kutafutika, na siku mtu akitaka kujua nani alifunga dhidi ya nani, atakuta dakika na jina.